Kamba ya Kisigino

Ilomba, Mbeya
9 Februari 2025

Mdogo wangu Nusrat,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tosamaganga, wewe na masista wako na baridi yenu. Sisi huku mvua haijakata wiki ya pili sasa, nguo hazikauki, Saida anaenda kazini na sketi mbichi. Anakusalimia sana mama yake mdogo. Goti langu limetulia. Bertha jirani amepata mjukuu wa kike, kila asubuhi ananiletea nimchue, na shukrani zake unazijua: ndizi mkungu mzima na kelele. "Ndaga, mama Saida, ndaga fijo!" Mtoto mwenyewe analala fofofo, anayepiga kelele ni bibi yake.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu anaishika Saida kuliko mimi, na haya si ya Saida. Nampa Anord wa ofisi ya mizigo pale stendi, utaichukua Iringa mjini.

Nusrat, Ibrahimu amekuja kwangu.

Jumatano asubuhi, wanaume wawili wamemshika huku na huku. Anasema kirikuu yake ya kubebea nyama ilinasa kwenye tope, akaisukuma, akasikia kitu kimelia pa! nyuma ya mguu, kama amepigwa rungu. Akageuka amtukane aliyempiga. Hakuna mtu.

"Shemeji," akaniambia. Neno hilo hajalitamka miaka minane. "Nimeteguka. Mtaa mzima wanasema mkono ni wako."

Ningemfukuza. Lakini unajua siku bibi aliponipa mkono wa kuchua alinishikisha Msahafu nikaapa mawili: sitamkataa mtu aliyekuja na maumivu, na sitasema uongo juu ya kile kidole changu kilichokiona. Wewe ulikuwepo, ulikaa pale mlangoni, ukasema wewe huwezi kuapa hivyo. Basi nikamwambia akae kwenye mkeka.

Nilipanda kutoka kisiginoni na kidole gumba. Vidole vitatu juu, pale panapotakiwa kuwa na ile kamba nene, pana shimo. Kidole kilizama kama kwenye unga. Nikambana shavu la mguu. Mtu mzima ukimbana hapo unyayo unajivuta wenyewe. Wake ulilala kama samaki sokoni. Unakumbuka bibi alivyotufundisha: hiyo haichuliwi, hiyo inashonwa, na inashonwa mapema.

Ibrahimu ni muuza nyama. Kila siku anamtundika ng'ombe kwa kamba hiyo hiyo, anapitisha ndoano katikati ya kano na mfupa na ng'ombe mzima anabaki juu. Ya kwake hakuitambua.

Nikapasha mafuta ya nazi. Nikamwambia, "Umeteguka shemeji. Utakuja kila siku."

Najua nimefanya nini. Usinikumbushe kiapo, nilikiapa mimi. Lakini na wewe kumbuka: nilikuwa ndani ya eda, mwezi wa pili, Hamza wangu hata kaburi lake halijaota nyasi, nduguye huyu huyu akaja na karatasi inayosema marehemu alimpa nyumba kabla hajafa. Mjane hakai barazani na wanaume, kwa hiyo ilisomwa bila mimi. Nililiona godoro langu tu, limewekwa nje kwenye mvua.

Karatasi ile sijapata kuiona mpaka leo. Wewe ulikaa Mbeya tangu msiba mpaka arobaini, ulikuwa unatoka na kuingia. Uliiona? Mashahidi walikuwa nani? Nijibu hilo.

Dada yako,
Mwanahawa

*

Tosamaganga, Iringa
17 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua nimeipata Jumamosi, nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za kufulia mpaka sista akaniuliza kama nimefiwa. Huku tuko salama. Mahindi yamebeba vizuri. Nimehamishwa, sasa nasafisha wodi ya upasuaji, miguu inauma lakini alhamdulillah. Mpongeze Bertha, mwambie asimshindilie mtoto uji kabla ya miezi sita, namjua yule.

Dada, mwambie Ibrahimu ukweli. Nimemuuliza daktari wetu kijuujuu, nikasema ni jirani. Kanichorea kwenye boksi la dawa: nyama ya shavu la mguu ni kama mtu anayevuta kamba, kisigino ni mzigo, na kamba ni hilo kano. Likikatika, nyama inaendelea kuvuta, kile kipande cha juu kinapanda kila siku. Wiki mbili za mwanzo vipande viwili bado vinafikiana, wanashona vizuri. Baada ya hapo pale katikati panajaa kovu, na kovu halivuti kitu.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Bado una siku.

Mimi siwezi kukushikia kiapo chako, lakini nakumbuka ulivyolia siku ile ukimshukuru bibi. Ramadhani iko mlangoni. Usiingie na dhambi hii kwenye mwezi huo. Mwambie, aende hospitali, yaishe. Hutaki shari na Ibrahimu, yule mtu akikasirika anaongea hovyo.

Nakutumia mchele kilo tano na kitenge cha Saida.

Mdogo wako,
Nusrat

*

Ilomba, Mbeya
25 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mchele umefika, kitenge kimefika, Saida amekiringia mbele ya kioo. Barua yako ilichelewa, basi lililala Igawa na gia imevunjika, Anord anasema abiria walikula vitunguu vya barabarani mpaka asubuhi. Kwa hiyo siku zako ulizonihesabia zilipita barua ikiwa Igawa. Sikusingizii basi. Ingefika mapema nisingemwambia.

Anakuja kila siku saa nne, baada ya kufungua bucha. Ananyoosha mguu kwenye paja langu. Namchua taratibu, kwa upendo kabisa mtu akiona, karafuu kidogo, maji ya moto, namfunga na kitambaa. Maumivu yamepungua na yeye anafurahi. "Shemeji una mkono wa baraka." Na mimi kila siku napima na kidole. Jumatatu ya wiki jana shimo lilichukua kidole kimoja na nusu. Leo viwili. Kile kipande cha juu kimejikunja huko ndani kama konokono.

Anajaribu kusimama kwa ncha za vidole, hawezi. Ananiuliza, "Mbona hainyanyuki?"

"Mishipa imelegea, itakaza."

"Wewe ndiye unayejua."

"Mimi ndiye ninayejua, shemeji."

Nusrat, sijacheka hivyo moyoni tangu Hamza afe. Halafu naswali adhuhuri, nikisujudu mikono inanuka karafuu ya mguu wake, na naomba msamaha, na kesho napasha mafuta tena. Mungu ananiona. Simfichi. Bertha naye ameanza kuninusa. Jana amekaa mlangoni akamtazama Ibrahimu anavyoburuza unyayo, akaniambia alipoondoka, "Mwe! Mama Saida, mguu wa mtoto wangu ulioteguka ulimaliza kwa siku nne. Huu una cheo gani?" Nikamwambia akaangalie ndizi zake jikoni.

Sasa wewe. Umeandika kurasa mbili kuhusu kano, umenichorea mpaka mtu anavuta kamba. Swali langu la karatasi hukuligusa. Na tangu lini una huruma na Ibrahimu?

Mwanahawa

*

Tosamaganga, Iringa
6 Machi 2025

Dada,

Ramadhani karim. Sisi tunafunga watano tu humu, lakini masista wametupa ruhusa ya kutoka mapema tukapike futari, na mpishi wao anatuwekea viazi. Nimekuwa na mafua. Yamepoa.

Kuhusu karatasi, ni miaka mingi. Watu walikuwa wengi, mimi nilikuwa jikoni na masufuria ya msiba. Sikumbuki vizuri.

Kuhusu mguu, nakuomba kwa mara ya mwisho. Wodini kwetu kuna mzee kutoka Kilolo aliyekatika kano lile lile, kakaa nalo miezi mitano akipakwa dawa. Daktari amelazimika kumkatia kano sehemu nyingine ya mguu aje azibe pengo. Nilikuwa nadeki, wakamfungua bandeji: kisigino chake kina mshono mrefu kama zipu. Anatembea kama anashuka ngazi ambayo haipo. Hata sasa haijachelewa kabisa kwa Ibrahimu. Itachelewa.

Ukimwambia leo, sema ulikosea. Atakuamini. Usigombane naye tu dada, nakuomba, usimfanye aongee.

Nakuombea kila sala.

Nusrat

*

Ilomba, Mbeya
14 Machi 2025

Nusrat,

Tumefunga salama. Saida ana homa ya mafua. Bertha ameleta maziwa.

Jana Ibrahimu alikaa kwenye mkeka, mchana, wote wawili tuna saumu, midomo imekauka. Nikiwa namchua nikamwambia, polepole kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Shemeji, mwezi huu watu wanasameheana. Mimi nataka kitu kimoja tu. Karatasi ile ya nyumba, shahidi alikuwa nani?"

Akautazama mguu wake. Akasema, "Shemeji, hujui?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Muulize mdogo wako."

"Nimuulize kama aliona?"

"Muulize kama kalamu ilikuwa ya bluu au nyeusi."

Nilimaliza kumchua. Nilimfunga kitambaa, nikamshika mkono asimame, nikamsindikiza mpaka kwenye geti. Nilipofuturu sikusikia ladha ya uji.

Kalamu ilikuwa rangi gani, Nusrat?

*

Tosamaganga, Iringa
9 Aprili 2025

Dada Mwanahawa,

Sikukuandikia Idi. Nilianza mara tatu nikachana. Ya kwanza niliandika kwamba aliniambia ni karatasi ya makaburini nikasaini bila kusoma. Ningeituma ungeniamini, wewe ulikuwa unaniamini. Nimeichana kwa sababu hiyo.

Ilikuwa ya bluu.

Nilisoma. Nilikuwa nyuma ya nyumba, arobaini ya Hamza, naosha sahani za pilau. Ibrahimu alikuja na karatasi imekunjwa mara nne. Saini ya Hamza ilikuwepo tayari na niliiona siyo ya Hamza, Hamza alikuwa anaandika H kama ngazi, ile ilikuwa H ya mtu mwingine. Niliisoma mara mbili. Ibrahimu akasema akishapata nyumba atanioa mke wa pili, vyumba viwili vya mbele vitakuwa vyangu.

Nilikuwa na talaka ya miezi sita, dada. Nilikuwa nalala chini kwenye sebule ya watu hapa Iringa. Bibi alikupa wewe mkono. Hamza alikupa nyumba. Msibani watu wote wanasema masikini Mwanahawa, masikini Mwanahawa, na mimi nimebeba masufuria. Nikafuta mikono kwenye kanga nikasaini. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine nzuri zaidi iliyofichika nyuma yake.

Hakunioa. Nilipomkumbusha alisema, nenda kamweleze dada yako umesaini nini. Nikanyamaza miaka minane. Kila nilipokutumia mchele nilikuwa nalipa hilo, na sikumaliza.

Unaniuliza tangu lini nina huruma naye. Sina. Nilikuwa nakusihi umponye kwa sababu niliogopa atajua ulichomfanyia na kwa hasira atanitaja. Nilivaa kiapo chako kama koti langu. Sasa ameshanitaja, sina cha kulinda, ndiyo nimempigia simu jana. Nimemwambia: mguu wako haujateguka, umekatika, dada alijua tangu siku ya kwanza, nenda hospitali leo. Akasema, "Mlijua wote wawili?" Nikasema ndiyo. Wote wawili.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kwa mara ya kwanza nimefanya kitu kwenye jambo hili bila kutafuta chumba cha mbele.

Kama kisasi hakijaisha, mimi nipo hapa. Ukitaka nije nipige magoti nitakuja. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Nusrat

*

Ilomba, Mbeya
29 Juni 2025

Nusrat,

Salaam. Saida mzima. Mjukuu wa Bertha anakaa mwenyewe sasa, hashikwi. Baridi ya huku imeanza, asubuhi nyasi zina ukungu mweupe. Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu Aprili. Nimekaa nayo miezi miwili na nusu kwa makusudi, ili usubiri.

Ibrahimu alipasuliwa mwezi ule ule. Kama yule mzee wako wa Kilolo, walichukua kano sehemu nyingine wakazibia. Akafungwa plasta. Na mtaa mzima ukajua, kwa sababu alihakikisha wanajua. Kinamama wenye vichanga wakaacha kuja. Aliyeteguka akapita mlango wangu akichechemea kwenda kwa mtu wa Uyole. Wiki tano mkeka wangu umekaa umekunjwa. Nilijua itakuwa hivyo, sikulia. Bertha tu ndiye aliyeendelea kuniletea mtoto, na siku ya kwanza alisema, "Mimi sikupendi kwa ulichofanya, mama Saida. Lakini mtoto hajakunyang'anya nyumba."

Halafu Jumanne tatu zilizopita, saa nne asubuhi, hodi. Ibrahimu, na magongo. Nikafikiri amekuja kunipiga. Nilikaa nimejiandaa, nikasema anipige, nami nina maneno yangu.

Akakunjua mkeka mwenyewe. Akakaa. Akaweka mguu kwenye paja langu.

"Hospitali wamesema panyooshwe na kuchuliwa kila siku," akasema. "Kiapo chako kinasema huwezi kunikataa."

"Kinasema hivyo."

"Basi chua. Na safari hii sema kile kidole kinachokiona."

Ndiyo malipo yake hayo, Nusrat, na nimekubali kwamba ni ya akili. Amenifunga kwa kiapo nilichokivunja. Kila siku ya Mungu, mguu wa Ibrahimu kwenye paja langu, na mtaa unamwona akiingia na akitoka.

Nikaweka kidole. "Kinaona kovu," nikamwambia. "Nene, gumu, limeshikana na ngozi juu na mfupa chini. Nikilisogeza vyote vinasogea pamoja."

"Litalainika?"

"Kidogo. Kwa mwaka."

"Nitatembea kama zamani?"

"Hapana."

"Kabisa?"

"Utachechemea mpaka unaingia kaburini, shemeji. Kusimama bucha siku nzima hutaweza. Kwenye sala utakaa kiti. Ungeshonwa wiki ya kwanza usingechechemea. Hicho ndicho kidole kinachokiona."

Alifumba macho. Sijawahi kufurahia kusema kweli namna ile. Na anarudi kesho yake, ananiuliza tena, na namwambia tena. Yeye ananiadhibu kwa mguu na mimi namwadhibu kwa ukweli, na katikati mafuta yanapoa tunapasha mengine. Habari ya nyumba tulikuwa hatuigusi. Alidhani sitaitaja kabisa.

Barua yako ya Aprili nimeitoa fotokopi tatu. Moja iko Baraza la Ardhi, kwenye kesi ya nyumba niliyoifungua, moja anayo mtu anayeniandikia hati za kesi, ya tatu nilimpa Ibrahimu mkononi, Ijumaa, nikiwa bado nimemshika kisigino. Aliisoma yote. Nilihisi lile kovu linavyotetemeka chini ya kidole changu. Akasema, "Mdogo wako ataikana." Nikamwambia, "Hapo ndipo mtakapofahamiana."

Kesi ni tarehe 17 Julai, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Unatakiwa uwepo. Utasimama mbele yake na mbele ya ndugu zake wote, useme karatasi uliisoma, na saini hukuiamini, na uliahidiwa nini. Hilo la vyumba vya mbele usiliruke. Wewe uliniomba kisasi kwa barua, kwa kujificha, huko Tosamaganga. Mimi nakilipa barazani, kwa sauti.

Ulisema utapiga magoti. Sitaki magoti yako. Ibrahimu nimekatazwa kumkataa kwa sababu ana maumivu mguuni na amekuja mlangoni kwangu, bibi alinifunga hivyo. Juu ya ndugu wa tumbo moja bibi hakuniapisha kitu. Pengine hakudhani itahitajika.

Usinitumie mchele. Wa mwisho nimempa Bertha, na nimeshaongea naye: utafikia kwake, chumba cha nyuma, chai utakunywa huko na huko utalala. Ukishuka stendi usipite mlangoni kwangu kubisha hodi. Saida sijamwambia, akikukimbilia mkumbatie, yeye hana kosa. Vaa sweta, baraza lile lina upepo.

Mwanahawa